Siku Tulipolishikilia Daraja la Lusitila

Enzi zetu, mtoto wa Lusitila hakuhesabiwa kuwa amekua kwa kuangalia miaka yake. Alikuwa amekua siku ile aliyoshuka peke yake hadi chini ya daraja, akasimama kwenye ubaridi wa zege, akaita jina lake kwa sauti na kusubiri daraja limrudishie. Mimi nilikimbia mara mbili kabla ya kusikia jibu. Twilumba, rafiki yangu ambaye tumenyonya msimu mmoja, hajaacha kunikumbusha jambo hilo hadi leo, ingawa sote wawili sasa hatuoni gazeti bila miwani.

Kwa ambao hawajafika, daraja letu liko kwenye barabara ya zamani, ukitoka Njombe unashuka kuelekea Makambako. Ni tao moja tu la zege, limeruka kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, halina hata mguu mmoja ndani ya maji. Juu yake barabara ni nyembamba kiasi kwamba lori likipita, mwenye baiskeli anabana tumbo. Malori mawili hayawezi kupishana hata yakipakwa mafuta.

Hapo ndipo tulipopatia sinema zetu. Kila dereva alitakiwa kupiga honi kabla ya kuingia, na aliyesikia honi upande wa pili alitakiwa kusubiri. Sasa kuna madereva wa Makambako, mnawajua, watu wa njia panda, wamezoea kuitwa bosi kwenye kila nyumba ya wageni. Siku moja lori la mbao na lori la viazi vya Makete yalikutana katikati kabisa ya daraja, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Mwenye mbao alizima injini, akavua viatu. Mwenye viazi akatoa mto wake akalala kwenye usukani. Walikaa hivyo kuanzia asubuhi hadi saa tisa mchana, na kijiji kizima kikahamia pale na mahindi ya kuchoma. Mwishowe Bibi yangu alikwenda akawaambia kwamba mama zao wakisikia watalia, na wote wawili wakawasha injini na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Ikabidi tena wabishane nani atangulie kuingia.

Asubuhi tulilivuka kwenda shule, miguu peku, umande wa Juni ukiuma vidole. Baridi ya kwetu wanaijua wanaoijua. Mama zetu walikuwa wanatuwekea viazi vya kuchemsha, vya moto kabisa, kimoja kila mfuko wa sweta. Ukiwa njiani unavishika kupasha mikono, ukifika mapumziko unavila. Kiazi kimoja kilifanya kazi mbili. Leo mwanangu ana glovu, ana jaketi lenye manyoya, ana soksi jozi mbili, na bado ananiambia, "Mama, leo siendi, kuna baridi." Natamani nimwekee kiazi mfukoni, lakini najua ataniuliza chumvi iko wapi.

Ila utamu wenyewe wa daraja ulikuwa chini yake. Ukilala chali kwenye majani ya ukingo ukatazama juu, unaona zege halikuwa laini. Lilikuwa na mistari, mbao kwa mbao, kana kwamba daraja zima ni dari ya nyumba. Na kwenye mistari ile, hapa na pale, kulikuwa na nyayo za kuku. Nasema nyayo za kuku kwa sababu hivyo ndivyo zilivyokuwa: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, vimetokeza nje ya zege, vikubwa kama kiganja cha mtu mzima. Sisi wataalamu tulikuwa tumeshakata shauri. Zege lilipokuwa bado bichi, kuku mkubwa alipita chini ya daraja, kichwa chini miguu juu. Kuku yule tulimwogopa na kumheshimu. Mtoto akikataa kuoga, aliambiwa kuku wa daraja atakuja. Tulihesabu nyayo zake, kila mtu akapata idadi yake, tukagombana, tukaanza upya.

Katika kijiji kizima kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga daraja lile, wala kushuka chini yake. Bahati yangu, mtu huyo alikuwa babu yangu.

Babu Yeremia alikuwa seremala, na ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa kwenye mashamba ya chai. Alikuwa mrefu, mkavu, penseli iko nyuma ya sikio hata akiwa kanisani. Mimi aliniita mchumba wake, kama babu wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na Bibi aliniita mke mwenza na kunigawia nyama ndogo ili kulinda ndoa yake. Tulikuwa marafiki sana mimi na yule mzee. Amri kumi za kipaimara nilizikariri kwenye karakana yake, yeye anapiga randa, mimi nimekaa juu ya maranda, nikikosea anagonga meza kwa nyundo.

Kanisa, soko na zahanati vyote vilikuwa ng'ambo. Babu alivifuata kwa kupita kwenye ulalo, magogo mawili yaliyofungwa pamoja na kamba huko chini kidogo ya daraja, ambayo aliyatengeneza mwenyewe na kuyarekebisha kila mwaka. Picha ya kila Jumapili ilikuwa hii: waumini wote wanapita juu ya zege na nguo zao safi, na Babu yuko kule chini peke yake, suti ya kaki, Biblia kwapani, anapita kwenye magogo yanayoteleza kama sabuni. Waliompita walimsalimu kwa sauti kutoka juu, "Kamwene, fundi!" Naye aliitikia bila kuinua macho.

Ukimwuliza sababu, alikujibu kwa kifupi. "Sipiti juu ya kitu kisicho na mguu."

Sababu kamili nilipewa na Bibi, tukiwa tunachambua maharage. Zamani sana, daraja lilipojengwa, baba yangu alikuwa bado anatambaa. Alikuja mhandisi mmoja wa Kizungu, kaptula hadi magotini, na ramani ya karatasi. Zege haliwezi kujishikilia hewani likiwa bichi. Linahitaji kubebwa na mbao, na mbao zibebwe na mirunda, yaani nguzo za miti, hadi likomae. Kwa hiyo kabla ya daraja la zege, ilibidi lijengwe kwanza daraja zima la mbao, lenye umbo lile lile la tao. Aliyeongoza maseremala wa kazi hiyo alikuwa Babu. Alipasua mbao, akazipinda, akazifunga, miezi sita mguu wake uko majini. Kila aliyepita alisimama kuitazama kazi ile. Bibi alisema lilikuwa zuri kuliko hili lililopo, lakini Bibi alikuwa mkewe, kwa hiyo tumpunguzie kidogo.

Halafu zege likamwagwa juu yake, likakomaa, na mhandisi akaamuru mbao zitolewe. Babu alikataa. Alisimama mbele ya watu wote akasema huwezi kumkata mtu miguu halafu umwambie asimame. Mhandisi alicheka, vibarua wakagonga mirunda, mbao zikashuka moja moja, zikapakiwa kwenye lori kupelekwa wanakojua wenyewe. Siku ya ufunguzi alichinjwa ng'ombe, yakatajwa majina ya wakubwa wote hadi dereva wa mkubwa. La Babu halikutajwa. Ndipo akaapa kwamba hatalivuka daraja lile hadi siku watakayorudisha miti yake chini.

"Kwa hiyo Babu anaogopa litaanguka?" niliuliza.

Bibi alitupa harage bovu. "Aogope wapi! Babu yako amenuna. Amenuna tangu baba yako hajaota meno."

Mwaka wangu wa kipaimara mvua ilinyesha kama imetumwa. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe mto ulijaa, ukachukua ulalo wa Babu, magogo yote mawili na kamba zake, ukaondoka nao. Jumapili iliyofuata Babu hakwenda kanisani. Na iliyofuata hakwenda. Mwinjilisti alikuja kumwona, akanywa chai, akala viazi, akarudi bila jibu. Maji yalikuwa bado makali mno kwa gogo jipya, na Babu hakuwa tayari kwa kitu kingine.

Kwetu mtoto wa kipaimara hakuingia kanisani peke yake. Alisindikizwa na mkubwa wake hadi mbele, na mkubwa yule alisimama nyuma yake wakati anawekewa mikono. Wazazi wangu wangekuja, ndiyo, kutoka kwenye chai. Lakini amri kumi zile nilizipata kwenye maranda ya Babu, na mimi sikutaka mkono wa mtu mwingine begani kwangu. Nilimwambia hivyo hivyo. Alipiga randa ubao ambao ulikuwa umeshanyooka.

"Mchumba," alisema baadaye, "kiapo ni kiapo. Nilisema miti yangu irudishwe."

Nililia siku nzima. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mhandisi aliyevaa kaptula, nikalikasirikia hata lori lililobeba mbao. Twilumba, aliyekuwa anapata kipaimara pamoja nami, alinisikiliza hadi akachoka. Halafu akauliza swali ambalo watu wazima wa Lusitila, kwa miaka yote ile, hawakuwahi kuliuliza.

"Sasa miti yenyewe si ipo imejaa pale nyuma ya karakana?"

Asubuhi ya kipaimara tuliamka watoto wote tisa, wasichana kwa magauni meupe, wavulana kwa mashati meupe ya kuazima, na kila mmoja alibeba mrunda begani kutoka uwanja wa Babu. Bibi alituona. Aligeukia jikoni akajifanya anatafuta mwiko. Tulishuka hadi chini ya daraja, wengine ukingo huu, wengine ukingo ule, matope yakatufika kwenye vifundo vya miguu na magauni yakapata rangi mpya. Mirunda mingine ilikuwa mifupi, tukaiwekea mawe. Mingine haikugusa zege kabisa, tukaishika tu juu kwa mikono. Mtu yeyote mwenye akili angejua kwamba mirunda tisa ya kujengea banda la kuku haiwezi kubeba daraja linalopitisha malori. Sisi tulikuwa na umri wa kuamini kwamba Babu hana akili hiyo.

Kisha nikapaza sauti kumwita Babu. Niliita hadi daraja lenyewe likaita pamoja nami.

Babu alitokea na suti yake ya kaki, kwa sababu Bibi alikuwa ameshamvalisha, na Biblia kwapani na nyundo mkononi. Alisimama kwenye ukingo akatutazama. Ninyi mnaojua fundi mzee anavyotazama kazi ya wanagenzi mtaelewa. Hakucheka. Alikagua mrunda kwa mrunda.

"Ule wa Twilumba umepinda. Ulaze kidogo. Hapo. Wewe kijana, jiwe hilo litateleza, weka lile bapa." Tulirekebisha. Akachungulia zaidi. "Na katikati? Katikati mmeacha wazi, nani anashika?"

Katikati maji yalikuwa yanavuma. Tulitazamana. Nikajibu kile ambacho mwanafunzi wa kipaimara angejibu. "Katikati anashika Mungu, Babu!"

Alifikiri kidogo. "Basi mwambieni asiachie."

Akapanda barabarani. Tuliokuwa chini hatukumwona tena, tulimsikia. Hatua mbili, kisha nyundo kwenye zege, ko, kisha hatua mbili. Waumini walikuwa wamesimama pande zote mbili, na nasikia hata lori la mahindi lilizima injini bila kuambiwa. Alipofika katikati alisimama. Akasimama muda mrefu hadi mikono yetu ikachoka na mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo kwa amri zote kumi.

"Mmelishika?" sauti yake ilitoka juu.

"Pita, Babu, tumelishika!" tuliitikia tisa kwa pamoja, na daraja likaitikia nyuma yetu.

Akapita. Watu walipiga vigelegele, lori likapiga honi, na Mwinjilisti akasema tuharakishe, ibada imeshachelewa. Lakini Babu hakuelekea kanisani. Alishuka ukingo, taratibu, akishika majani, akaja chini kwetu. Alisema fundi haachi mirunda kazini, ni lazima itolewe kwa utaratibu. Alianza na wangu. Aliushika, akainua macho kuangalia ulipogusa, na hapo mkono wake ukasimama.

Alikuwa hajawahi kufika pale tangu mbao zake zilipotolewa. Hakujua zege bichi linakunywa sura ya ubao. Alitazama mstari mmoja, akatazama wa pili. Akanyoosha kidole. "Ubao huu ulikuwa na macho mawili," alisema, na kweli yalikuwepo, vifundo viwili vya mti vimechorwa kwenye zege. "Huu niliupasua siku baba yako alipougua surua. Huu nilitaka kuutupa, Bibi yako akanizuia." Akaenda hivyo, ubao kwa ubao, anausoma kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Halafu akafika kwenye nyayo.

"Na huyo ni kuku wa daraja, Babu," Twilumba alimweleza kwa heshima. "Alipita zamani, kichwa chini."

Babu aligeuka akatutazama sote na matope yetu. Machozi yalikuwa yanamshuka wazi wazi, wala hakuyafuta.

"Kuku ni mimi," alisema. "Hiyo ni alama yangu. Niliichonga kwa patasi kwenye kila ubao, ili mbao zangu zisichanganyike na za watu wengine."

Hatukumwelewa mara moja. Ilibidi atueleze tena. Miaka yote ile tuliyolala chali tukihesabu nyayo, tulikuwa tunahesabu kazi ya mikono yake, na yeye yuko kule kwenye magogo amenuna kwamba hakuna aliyebakiza hata kibanzi. Mimi nilikwenda nikamkumbatia kiunoni na gauni langu la matope. Tuliingia kanisani tumechelewa, tisa tumechafuka kama nguruwe. Mkono begani kwangu ulikuwa wa Babu, mgumu kama ubao.

Baada ya siku ile hakurudia tena ulalo. Alikuwa anapita daraja hata pasipo na safari, anakwenda na kurudi. Akikutana na mgeni anamshusha chini kumwonyesha kuku. Alichosha watu kweli kweli, Mungu amlaze pema.

Siku hizi mimi niko Makambako, nina duka la vifaa vya ujenzi, nauza sementi, misumari na mirunda ile ile. Vijana wanakuja kununua, simu iko sikioni, salamu wamesahau nyumbani. Ukimwuliza kijana mirunda mingapi, anasema subiri nimpigie fundi, na fundi naye anasema subiri niangalie kwenye video. Barabara imejengwa upya, daraja jipya la njia mbili limekaa juu kidogo ya letu, pana, malori yanapishana bila hata kusalimiana. La zamani limeachiwa mbuzi, waendao kwa miguu, na maharusi wanaokuja kupigwa picha wakiegemea ukingo. Honi hazipo. Viazi vya mifukoni havipo. Watoto wa Lusitila wakitaka mwangwi wanabonyeza mahali kwenye simu.

Mwezi uliopita nilikwenda na Upendo, binti yangu wa mwisho, ambaye nilimpata nilipokuwa nimeshafunga hesabu. Nilimsimulia yote njiani. Tulipofika akatoa simu, akaandika jina la daraja, akatafuta, akaniambia, "Mama, hapa halipo. Una uhakika hukuota?"

Nilimshusha chini. Magoti yangu yalilalamika, lakini tulifika. Nikamwambia atazame juu. Alitazama, kisha simu ikarudi mfukoni yenyewe. Alipanda kwenye jiwe, akanyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya unyayo mmoja wa kuku, na kiganja kikaenea sawasawa.

"Kaa hapo hapo," nilimwambia.

Nikapanda barabarani peke yangu. Nilisimama mwanzo wa daraja nikashindwa kutembea. Nilimtamani Babu siku ile, nilimtamani kwa sauti yake na nyundo yake, na sikuona haya kulia mbele ya mbuzi. Nadhani Upendo alinisikia, kwa sababu sauti ilitoka chini, ikaja mara mbili, yake na ya daraja.

"Pita, mama, nimelishika."